Mikangazi Iliyonyolewa

Nyumbani
2 Machi

Baba mkwe,

Shikamoo. Huku tuko salama, na binti yako anasema nisisahau kukuambia kwamba bomba la uani limetengenezwa, ili usilale ukiwaza maji. Tunaomba daktari awe na mkono mwepesi na macho yako yafunguke salama.

Baba, siku uliyoondoka ulinikabidhi ule mkasi wa miti mbele ya mke wangu na watoto, ukasema, "Hiyo mikangazi naiacha mikononi mwako." Miaka yote niliyokaa chini ya paa lako hujawahi kuniachia hata ufunguo wa karakana. Nikajiambia, hapa sitalaza damu.

Basi nimekwisha anza. Mbuzi wa jirani nimewazibia njia kwa seng'enge kuukuu. Majani makavu nimeyatandaza chini ya kila mti, ardhi isikauke. Kazi ya mkasi nayo niliimaliza jana, na sikuifanya kiholela. Nilivuta uzi kutoka pembe hii ya ukuta hadi ile, nikaufuata uzi, nikawa narudi nyuma kila mara kutazama, kama ninavyofanya kwenye kichwa cha mtu. Majirani walisimama getini kusifu. Sitakuambia zaidi, nataka ujionee mwenyewe.

Kuhusu nywele zako ulizokwenda kunyoa kule stendi kabla ya safari, mimi sisemi kitu. Nasikia tu kwamba yule kinyozi wa huko siku hizi anaona kwa shida kuliko wewe.

Mkweo,
Kinyozi


Wodi ya Macho
9 Machi

Kwa Kinyozi,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa shemeji yako, dada mkubwa wa mkeo, maana mimi macho yote mawili yamefungwa. Mimi nasema, yeye anaandika, na akitia la kwake nitajua. (Hatajua. Shemeji.)

Jicho la kwanza limepasuliwa. Limeingia uchafu kidogo, kwa hiyo wananiweka hapa hadi litulie, ndipo waje kwenye la pili. Chakula cha hapa sikisemi, kisije kikasikia kikaongezwa.

Nimefurahi sana kwa habari ya uzi. Nimekula jasho la useremala tangu ujana, na nakuambia, mtu anayevuta uzi kabla ya kushika chombo ni fundi. Najua ulikuwa wa kupanga vijiti vya kuegemezea miti, ili visimame kwenye mstari. Sikukuagiza hilo, umeliwaza mwenyewe.

Sasa sikiliza, kwa kuwa niliondoka mbiombio na mengi sikuyasema. Hayo majani makavu yasiguse shina, yataliozesha. Acha nafasi ya kiganja pande zote. Kamba za kufungia kwenye vijiti ziwe za kitambaa, wala usikaze, na shina likinenepa ulegeze. Matawi madogo ya pembeni yaache mwaka huu. Ndiyo yanayolilisha shina na kulikinga na jua, gome la mti mchanga ni laini kama ngozi ya mtoto. Kata yaliyokauka na yanayosuguana, basi.

Na kilele. Ufanye utakalofanya, kilele usikiguse. Mkangazi una kilele kimoja, na hicho ndicho kinachojua njia ya kwenda juu. Ukikikata, vitatoka vingine vinne vitano, kila kimoja kikidai ukubwa, na hapo huna mti, una fagio. Mimi nimekata miti maisha yangu yote. Milango ya nusu ya mtaa wetu imepita mikononi mwangu, na sijawahi kupanda mti hata mmoja isipokuwa hiyo. Nataka niiache imenyooka.

Lakini haya nakueleza bure. Wewe si mtu wa kukata ovyo.

Baba mkwe


Nyumbani
15 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa kwenye kiti cha wateja. Pole sana kwa jicho. Tunazidi kuomba.

Maagizo yako nimeyashika. Majani nimeyasogeza mbali na shina, kiganja kimoja kama ulivyosema. Kamba nimezibadili, nimechana kile kitambaa cheupe ninachowafunga wateja shingoni, ni laini, hakitaumiza gome. Mbuzi walirudi wakakuta seng'enge, wakatukana kwa lugha yao wakaondoka.

Kuhusu vilele, usiwe na wasiwasi. Miti inapanda vizuri. Ule wa karibu na mlango unakaribia kufika juu ya ukuta.

Binti yako anakusalimu. Nilimpa barua hii aipitie kabla sijaifunga, akasema ana kazi nyingi jikoni.

Mkweo,
Kinyozi


Wodi ya Macho
27 Machi

Mwanangu Kinyozi,

Wodi hii ina vitanda vingi na macho machache. Mchana kutwa tunalala tukisikiliza vikombe vikigongana. Shemeji yako aliponisomea barua yako, nikasikia kila kitanda kimenyamaza. Alipomaliza, jirani yangu, dereva wa lori, akasema, "Mzee, hebu arudie pale pa mbuzi." Basi akarudia. Tangu siku hiyo kila mtu hapa anauliza habari za miti. Watu ambao hawajaonana uso kwa uso wanabishana juu ya ua wangu kana kwamba wameuchimba wao.

Kuna ubishi umezuka na wewe ndiwe hakimu. Dereva anasema majani machanga ya mkangazi huanza na wekundu. Mzee wa kitanda cha dirishani anasema ni kijani tangu kuzaliwa. Mimi niliyeipanda siwezi kuapa, maana macho yangu yalikwisha kuwa na ukungu tangu zamani. Tazama utuambie. Na utueleze urefu, umefika wapi kwenye ukuta.

Nesi anataka kuninyoa kwa sababu bandeji inashika nywele. Nimekataa.

Baba mkwe

(Shemeji, hili ni langu. Baba hajawahi kumwita mtu mwanangu mbele yangu. Sisi watoto wake wa kutuzaa anatuita "wewe". Umempa dawa gani?)


Nyumbani
4 Aprili

Baba,

Shikamoo, na salamu kwa wodi nzima. Dereva ameshinda. Majani machanga ni mekundu, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nimeyatazama asubuhi hii na nimemwita binti yako ashuhudie.

Urefu nao si haba. Ule wa karibu na mlango umeupita ukuta, na mingine inaufuata. Juzi ndege mdogo alitua kwenye kilele cha mti wa katikati. Kilele kikainama, kikayumba, nikasema sasa kinavunjika, lakini kikamhimili. Akakaa pale akipiga kelele kama mwenye nyumba. Tangu hapo anakuja kila asubuhi nikiwa napanga vitu vyangu vya kazi.

Sistahili sifa mnazonipa, Baba. Naongea kweli.

Mkweo,
Kinyozi


Wodi ya Macho
19 Aprili

Mwanangu,

Ni maneno machache, shemeji yako ana haraka. Jicho la pili limepasuliwa. Daktari amesema ngoja tuone, nikamwambia hilo ndilo ninalolingoja.

Yule ndege ana wenyewe hapa. Asubuhi kabla ya chai lazima mtu aulize kama ametua. Mzee wa dirishani, aliyeshindwa ubishi wa majani, ameridhika kwa ajili ya ndege.

Habari yenyewe ni hii. Dereva ameruhusiwa, na njia yake inapita kwetu. Ameomba aione miti kwa niaba ya wodi. Hakusema siku gani. Atakapofika mpe maji ya kunywa na umwoneshe kila kitu.

Baba mkwe


Nyumbani
30 Aprili

Baba mkwe,

Shikamoo. Naomba barua hii usomewe peke yako.

Vilele havipo. Nilivikata siku moja kabla sijakuandikia barua ya kwanza, na maagizo yako yakanikuta nimekwisha haribu. Ule uzi haukuwa wa vijiti. Niliuvuta kwa usawa wa kidevu changu, nikakata kila kilichouzidi, miti yote, kisha matawi ya pembeni nikayapunguza ili yalingane. Niliifanyia kama ninavyomfanyia mteja aliyekuja na kichwa kimetimka nywele. Nywele ukizikata zinarudi vilevile. Sikujua kwamba mti haurudi vilevile. Huko ni kutojua, na laiti ningesema mara moja, ungenigombeza ikaisha.

Lakini ulinijibu ukaniita fundi. Nilishindwa kulirudisha neno hilo, Baba. Nikasema nitalishika kidogo tu, barua ijayo nitakuambia. Barua yako iliyofuata ikaniita mwanangu. Hapo ndipo nilipoingia shimoni kwa miguu yangu miwili. Niliona haya kukuambia, kisha nikaona haya kwa sababu sikukuambia, na kila nilipoona haya ya uongo wa zamani niliufunika kwa mpya. Hakuna ndege. Hakuwahi kuwapo. Jambo moja tu nililokuandikia kwa ukweli kuhusu miti ni majani mekundu, na hayo ni ya machipukizi yaliyotoka chini ya mkato, manne hapa, sita pale. Fagio, kama ulivyosema. Ule wa karibu na mlango ndio umeumia kuliko yote. Niliuvua matawi upande wa jua la mchana, sasa gome limeungua na kupasuka.

Dereva alikuja Jumamosi. Nilikuwa barazani nanyoa mtu. Niliposikia sauti inaulizia nyumba ya seremala, nilimwacha mteja na nusu kichwa, nikazunguka uani, nikajificha nyuma ya tangi la maji. Mtu mzima, baba wa watoto, nimechutama na mashine ya kunyolea mkononi. Nikamsikia mke wangu akimkaribisha hadi kwenye miti. Nikasikia viatu vya dereva vikizunguka mti mmoja mmoja. Kisha akasema, "Mama, barua ilisema miti imeupita ukuta. Labda na ukuta nao umekua." Mke wangu hakucheka. Akasema, "Mwenyewe yuko nyuma ya tangi, muulize."

Nikatoka. Dereva alinitazama kwa yale macho yake mapya, akanipa salamu zako, akanywa maji. Hakunigombeza. Alisema yeye harudi huko, na kwamba habari hii ina mwenyewe wa kuipeleka. Mteja wangu alikuwa bado barazani, kioo mkononi, ananingoja nimalize upande wa pili.

Mke wangu tangu siku hiyo ananiambia "chakula tayari" na "watoto wamelala", zaidi ya hapo hakuna. Hajanikosea.

Uso wangu sijui nitauweka wapi utakaporudi. Miti nitailinda hadi siku hiyo, ingawa kusema nailinda mimi ni kichekesho. Baada ya hapo, ukitaka tuhame nyumba yako, tutahama, wala sitamwambia mtu kwamba umenionea.

Kinyozi


Hospitali
6 Mei

Shemeji,

Salamu utazipata siku nyingine, leo nina hasira.

Barua zako huwa nazipitia kwenye ngazi kabla sijaingia, nisije nikakwama mbele za watu. Hii niliisoma mara mbili, nikakaa pale kwenye ngazi watu wakinipita. Nilipoingia, wodi nzima ilikuwa imekaa vitandani ikinisubiri. Baba alikuwa ameegemea mto, amejitengeneza kama bwana harusi. Akasema, "Haya, leo miti inasemaje?"

Nikaifungua barua yako nikasoma yasiyokuwamo. Nilisema miti haijambo. Mzee wa dirishani akauliza ndege. Nikasema ametaga. Sijui lilitoka wapi, shemeji, mdomo ulifunguka tu. Wakashangilia. Baba akatabasamu chini ya bandeji hadi nikageuza uso, ilhali hanioni.

Sasa nikuambie jingine. Lile jicho la kwanza halitarudi. Daktari alinieleza ukumbini wiki iliyopita, na mimi sijamwambia Baba. Kila siku nasema kesho. Kwa hiyo nina mawili ya kumficha, na moja ni lako. La kwangu linanitosha.

Nijibu upesi. Nimsomee au niichome?

Shemeji yako


Nyumbani
11 Mei

Shemeji,

Usiichome. Nisamehe. Uongo niliupanda mimi na sasa unaota mdomoni mwako, nawe hukunifanyia lolote baya.

Msomee kama ilivyo, na pale pa tangi usiparuke. Niliomba asomewe peke yake, lakini hilo ni la kwake kuamua. Akitaka isomwe mbele ya watu, isomwe. Nilimdanganya mbele yao.

Kuhusu jicho, mimi si wa kumshauri mtu juu ya kusema kweli. Nakuambia tu yaliyonikuta. Nilidhani kuna siku itakuwa rahisi kuliko leo, nikaingoja. Haikuja. Kila siku iliyofuata ilikuwa ngumu kuliko ile ya jana yake.

Nikueleze na hili, kwa kuwa nimekwisha vuliwa nguo. Miaka yote namwona Baba akitoka mlangoni, anapita mbele ya kiti changu, ananisalimu vizuri, anakwenda kunyolewa stendi. Anarudi nywele nyuma ya sikio zimekatwa ngazi-ngazi. Wateja huniuliza, "Mkweo mbona hakai kitini kwako?" Nawajibu kwamba mzee ana kinyozi wake tangu ujana. Hilo nalo nimelitunga. Aliponipa ule mkasi nilitaka mara moja tu aone kwamba mkono wangu unafaa kwa kitu chake. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kuuliza.

Shemeji yako,
Kinyozi


Hospitali
20 Mei

Shemeji,

Nimemwambia yote mawili.

Nilianza na jicho. Akasema, "Moja linatosha kuona kichwa cha msumari." Akaniuliza nimelijua lini. Nikamwambia. Akasema, "Wiki zote hizo ulikuwa unakaa nami huku unalijua," basi, hakuongeza. Ningeona afadhali angenipiga.

Nikamwambia kuna barua nyingine, na kwamba umeomba asikie peke yake. Nikamshika mkono tutoke ukumbini. Akakataa. Alisema wenzake wamesikia zote tangu mwanzo, ni wageni wa ua wake, hawezi kuwafungia mlango leo. "Soma kwa sauti kama siku zote."

Nikasoma. Nilipofika kwenye uzi niliona vidole vyake vikisimama juu ya shuka. Nilipofika kwenye ndege, mzee wa dirishani akasema, "Ah," polepole, kama mtu aliyeambiwa msiba. Kwenye tangi mtu mmoja akacheka, kisha akajikohoza. Mimi nikasita. Baba akasema, "Maliza." Nikamaliza. Baada ya hapo nikawaambia na yale mayai yalikuwa yangu, nikaomba radhi kitanda kwa kitanda. Wanasema kinyozi hajinyoi. Wewe umejinyoa, tena bila kutia maji, mbele ya wodi nzima, na mimi ndiye niliyekushikia kioo.

Baba aligeukia ukuta. Hadi leo hataki niandike barua. Nilimwuliza nikujibu nini, akasema, "Mwambie nimesikia."

Basi nakuambia, amesikia.

Shemeji yako


Nyumbani kwa shemeji yako
3 Juni

Kinyozi,

Huu ni mwandiko wangu mwenyewe. Ukiona mistari inapanda na kushuka, ni kwa sababu jicho ni moja na halijazoea kufanya kazi bila mwenzake.

Kitu cha kwanza nilichoomba kusoma ni barua zako, zote, kuanzia ile ya Machi. Nimerudia mara nyingi pale penye uzi. Uliandika wazi kwamba ni kazi ya mkasi. Seremala mzima nikausifu uzi bila kuuliza umevutwa kwa usawa gani. Mwanagenzi wangu angefanya hivyo ningemfukuza karakana. Sikuuliza kwa sababu nilitaka sana uwe fundi.

Nina hasira nawe na sitajifanya sina. Kwa vilele haikudumu, maana hukujua, nami niliondoka bila kukufundisha. Ni kwa ndege. Mtu aliyefungwa macho ndege si mchezo kwake. Nililala na yule ndege na kuamka naye. Hilo litanichukua muda, nawe utavumilia.

Lakini nilipogeukia ukuta siku ile, aibu haikuwa yako peke yako, na sasa inabidi nikuambie, maana hata mimi nimechoka kulala nayo. Wewe uliandika kwamba mti mmoja umeupita ukuta. Mimi niliwaambia wenzangu yote imelipita paa. Niliwaambia nilikufundisha mimi kazi ya miti tangu ulipooa, na kwamba jioni tunakaa uani pamoja tukizungumza. Niliwaambia kwamba wewe ndiye unayeninyoa, ndiyo maana namkatalia nesi, namngoja kinyozi wangu. Dereva alikuja huko akiyajua hayo yote, na akikutazama pale na mashine mkononi hakukuumbua wala hakuniumbua. Yule ametushinda sote wawili kwa utu.

Kwako sikuwahi kukaa kitini, na wewe umemwandikia shemeji yako jinsi unavyoniona nikipita. Amenionesha. Usimkasirikie, siku hizi ameapa kutoficha kitu na anatusumbua sana. Sababu ni ndogo, nayo inanitia haya. Kinyozi humwambia mtu, "Inamisha kichwa." Sikutaka kijana aliyeingia nyumbani kwangu na begi moja aniambie niinamishe kichwa, watu wakipita njiani wakiona. Nikawa naenda kuinamishwa stendi na mtu asiyeona vizuri. Tangu nije huku nimeinamishwa na daktari, na nesi, na hata binti anayefagia. Sikufa.

Sasa miti, na safari hii usifanye lolote kabla hujalielewa. Katika kila mti tazama machipukizi yaliyo karibu na mkato. Chagua moja tu, lenye nguvu, lililosimama wima kuliko mengine. Lifunge kwenye kijiti kirefu kwa kile kitambaa chako cheupe, kwa kulegeza, liende juu. Hayo mengine yasikatwe kwa mkupuo. Yafinye ncha yasirefuke, yaendelee kulisha shina, tutayaondoa kidogo kidogo. Shina lipake chokaa ya maji upande wa jua. Mti mchanga husamehe ukiwahiwa. Patabaki mpindo mahali ulipokata, na mbao zake zitakuwa fupi kuliko nilivyotaka. Nitaishi nazo.

Ule wa karibu na mlango usiuchagulie kilele. Uache utanuke unavyotaka. Hautakuwa mbao, lakini miaka michache ijayo utatoa kivuli kipana, na wateja wako watakuwa na pa kungojea badala ya kubanana barazani. Ufunguo wa karakana mkeo anajua ulipo. Chukua humo ubao, utengeneze benchi. Ukikosea usimwandikie mtu, ningoje.

Habari ya kuhama sikuisoma. Jicho lilikuwa na machozi wakati ule.

Narudi Jumapili. Nywele zangu zimefika masikioni, watoto watacheka, waache wacheke. Kiti chako kiweke palepale barazani, mahali kinapoonekana na kila apitaye. Utaniambia niinamishe kichwa, nami nitainamisha. Uzi uache ndani.

Baba yako